Kura Yangu Haifiki Kabati, Maneno Yangu Yanafika

Binamu yangu mwenye duka pale Kabati, Kitui, ameniambia ninyamaze. Tulikuwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, ubishi ni ule ule: Gavana Malombe amefanya kazi au hajafanya, na mbona jirani zetu wa kaunti ya Makueni wanatupita? Nikachangia. Jibu likaja upesi: "Dada, wewe hupigi kura Kitui. Tuachie gavana wetu." Wengine wakacheka. Basi najibu hapa, ambako hakuna msimamizi wa kunitoa.

Kuhusu kura, amesema kweli. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi ilifungua vituo katika nchi 12 nje ya Kenya, Uingereza ninakoishi ikiwemo, lakini karatasi ilikuwa moja tu, ya rais. Gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wadi, hao hatuwagusi. Yaani naruhusiwa kumchagua wa Ikulu, lakini si yule mwenye zahanati anakotibiwa mama yangu. Chini ya katiba ya 2010, zahanati, chekechea, maji na barabara ndogo ni kazi ya kaunti. Dawa zikikosekana, mama hampigii rais simu. Ananipigia mimi, nami natuma pesa. Anayelipa gharama ya kazi mbovu ataambiwaje hana la kusema?

Sasa hili la Makueni. Watu husahau kwamba miaka kumi na kitu iliyopita Makueni ndiyo iliyokuwa aibu ya Ukambani. Wawakilishi wadi na Gavana Kivutha Kibwana walipigana juu ya bajeti hadi wananchi wakaomba serikali yao yenyewe ivunjwe. Tume ya wakili Mohammed Nyaoga ikakubaliana nao. Rais Uhuru Kenyatta akakataa mwaka 2015. Kibwana, aliyeponea chupuchupu, akakazana na kamati za maendeleo kuanzia kijijini, na mpango wa afya ambao familia ilikuwa ikilipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Ndipo sifa zikaanza.

Kitui tumekwenda kwa kuyumba. Julius Malombe 2013. Tukamwondoa 2017, tukamweka Charity Ngilu, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana Kenya. Ngilu alileta kiwanda cha kushona nguo Syongila, akahimiza ndengu, akapiga marufuku biashara ya makaa mwaka 2018, na wenye malori hawajamsamehe. Mwaka 2022 akajiondoa kwenye kinyang'anyiro, nasi tukamrudisha Malombe. Kwa hiyo Kabati wanampima mtu kwa kivuli chake mwenyewe, na vilevile kwa Makueni, ambako sasa yupo Mutula Kilonzo Junior.

Nilichoandika kwenye kundi, kilicholeta maudhi yote, ni hiki: sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Hatuachani sana. Lakini ardhi ya Kitui ni zaidi ya mara tatu ya ile ya Makueni. Bomba la maji linalofikia kaya mia Makueni, Kitui linafikia kaya chache mno. Simtetei gavana, nataka apimwe kwa kipimo chake. Na bwawa la Thwake, ambalo binamu alilitia kwenye lawama, ni mradi wa serikali ya kitaifa. Atafute wa kulaumu Nairobi.

Mimi hapa Uingereza, mwenye pasipoti ya Kenya, napiga kura zote. Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaruhusiwa kumchagua diwani na hata mbunge. Kituo huwa ukumbi wa kanisa, pengine baa, nacho hufungwa saa nne usiku. Watu huja na mbwa wao. Unapewa penseli. Penseli! Na hadi 2023 hukuonyesha kitambulisho chochote: ulitaja jina na anwani, ukapewa karatasi. Mara ya kwanza niligeuka nyuma kuangalia kama kuna anayenifuata. Sasa wanataka kitambulisho chenye picha, na kadi ya basi ya mzee inakubalika ilhali ya basi ya kijana haikubaliki. Pasipoti yangu yenye ngao inakubalika vizuri tu.

Hakuna foleni wala kelele, na hakuna aliyeniambia nikae kimya. Ila pia hakuna anayebishana. Jirani yangu hamjui diwani wake kwa jina. Anachojua ni siku ya kuzolewa taka. Kwa hilo la kubishana Kabati wanatushinda, nakiri kwa shingo upande.

Watoto wangu siasa za hapa wamezijulia kwa Count Binface, mtu anayegombea akiwa amevaa pipa la taka kichwani. Julai 2024 alisimama jukwaani kando ya Rishi Sunak, waziri mkuu mzima, matokeo yakisomwa. Alipata kura 308, na dhamana yake ya pauni 500 ikaenda. Kijana wangu alimpigia Susu, bibi yake, kule Kabati kumweleza. Susu akauliza mara mbili kama ni pipa kweli, kisha akasema hata kwao yako mengi, ila ya kwao huvaa tai.

Tangu hapo kijana hashikiki. Dada yake amechaguliwa baraza la wanafunzi kwa ahadi ya mipira mipya, naye kila jioni mezani anamuuliza mipira iko wapi. Binti anajibu kwamba bajeti ni ya mwalimu mkuu. Nikaanza kuwaeleza mgawanyo wa madaraka, hakuna aliyesikiliza. Sasa kijana naye anataka kugombea muhula ujao akiwa na pipa kichwani. Pipa nimelikataa. Jumamosi tutatafuta sanduku la kadibodi linalomwenea.