Nyumba ya Mzee, Jina la Nani?

Ijumaa jioni, Forodhani. Vijana wanajirusha baharini, moshi wa mishkaki umetanda, na benchi la pili kutoka letu wamekaa mke na mume ninaowajua tangu enzi za uchumba wao. Bwana ni mhasibu wa hoteli huko Nungwi, bibie yuko benki. Chakula kimepoa na hakuna anayekigusa. Nikasema hapa pana jambo.

Wala halikuwa la simu ya usiku wa manane, kama ulivyoanza kudhani wewe msomaji. Lilikuwa la nyumba ya baba mkwe.

Mzee ni mstaafu wa JWTZ. Alipigana Vita vya Kagera, vile vilivyoanza Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka, na akarudi na mguu mmoja mzima. Baada ya hapo hakurudi kuishi Unguja. Alibaki Dar es Salaam, akajenga Mbagala nyumba ya vyumba vinne, pole pole, mshahara kwa mshahara. Sasa amefiwa na mkewe. Alikuja kwa mwanawe Mwanakwerekwe kula Idi, na kijana anataka asiondoke tena, akae nao moja kwa moja.

Bibie hana kinyongo na hilo hata kidogo. Anachotaka ni hati ya Mbagala ibadilishwe, iandikwe majina yao wawili, kisha waingie wapangaji. "Tunamtunza sisi, paa tumelibadilisha sisi. Ubaya uko wapi?" Bwana kainama. "Mzee akisikia ataona tunamzika mapema."

Kila mmoja alikuwa na lake la maana. Ila kulikuwa na jambo la tatu ambalo hakuna aliyeligusa, nalo ni kodi ya jengo.

Mita haijui umri wako

Agosti 2021, Bara walianza kukatwa kodi ya majengo kila wanaponunua umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mijini 5,000 kwa kila ghorofa. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Kwa nyumba kama ya mzee hiyo ni 18,000 kwa mwaka. Tuseme ukweli, hela hiyo inaisha kwa mlo mmoja wa watu wawili pale Shangani, tena bila juisi. Lakini mwenye ghorofa nne ni 360,000, na kwa anayesubiri pensheni hata ile 1,500 ni mkate na chai.

Sasa sikiliza. Sheria ya Bara ina msamaha. Nyumba moja ya makazi, anayoishi mwenyewe mtu wa miaka 60 na zaidi, haitozwi. Vilevile ya mtu mwenye ulemavu asiye na kipato. Soma tena taratibu: nyumba moja, na awe anaishi humo mwenyewe. Na neno "askari" halimo.

Kwa wazee wa Kagera hilo halina shida kubwa. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 alitimiza 60 mwaka 2018, kwa hiyo mguu wake hauna haja ya kutoa ushahidi, kitambulisho kinatosha kuonyesha umri. Tatizo ni kwamba msamaha hauji wenyewe. Mita haijui nani kazeeka. Mwenye haki lazima aende kuomba, akiwa na kitambulisho na karatasi za nyumba.

Wanaonitia wasiwasi ni wadogo zao. Desemba 7, 2017, kambi ya walinda amani wa Tanzania kule Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa. Askari wetu wasiopungua 14 waliuawa na makumi wakajeruhiwa. Hao ni rika letu, watu wa kuoa na kununua kiwanja. Aliyekuwa na miaka 30 siku ile atafikisha 60 mwaka 2047. Kabla ya hapo mlango wake ni ule wa "asiye na kipato", na mtu akipata hata kibanda cha kuuza vocha, mlango huo unaanza kufungwa. Yaani ajitahidi, apoteze. Mie naona hapo sheria imemsahau.

Wenzetu wamelitazama kivingine. Jimbo la Texas, Marekani, tangu 2009 askari mstaafu aliyetambuliwa kuwa na ulemavu wa asilimia 100 kutokana na utumishi wake halipi kodi ya nyumba anayoishi, awe na kazi au asiwe nayo. Akifariki, mjane anaendelea na msamaha huo, mradi asiolewe tena. (Kuna wajane wangefikiri mara mbili kabla ya posa, lakini hayo tuyaache.)

Na huku kwetu je?

LUKU haivuki bahari. Huku tuna TUKUZA ya ZECO, na kodi ya majengo si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria zake. Usichukue maneno ya binamu wa Temeke ukayafanyia kazi Mwera. Nenda ZRA ukaulize. Kumbuka pia ardhi huku ni ya serikali tangu 1964, unachopata ni haki ya matumizi. Na Mji Mkongwe wengi ni wapangaji tu, wa Wakfu au wa serikali. Kwa mtu wa mguu mmoja, zile ngazi za nyumba za Mji Mkongwe ni kodi tosha.

Turudi kwa marafiki zetu. Nikawaeleza: mkimhamisha mzee na kuweka wapangaji, msamaha umekwenda, maana haishi tena humo. Mkiandika majina yenu vilevile, kwani nyinyi hata 40 hamjafika. Bibie akauliza swali ambalo lilikuwa liulizwe tangu mwanzo: "Kwani hivi sasa anakatwa?"

Bwana akapiga simu nyumbani. Mzee akajibu anakatwa kila mwezi tangu hiyo 2021, alidhani ni umeme umepanda. Halafu, bila kuulizwa, akasema wiki ijayo anarudi Mbagala, maembe yake yanaiva na majirani wana mikono mirefu.

Hati haijabadilishwa. Jumatatu, boti ya asubuhi ilipoondoka bandari ya Malindi, aliyembebea mzee faili lake kwenda kuombea msamaha alikuwa bibie, kaomba ruhusa kazini. Bwana alikuwa Nungwi, anafunga mahesabu ya mwezi.