Mafua ya Mjamzito na Sindano Isiyokuwemo Kwenye Kadi

Katika Kiswahili cha kila siku neno mafua hubeba mizigo miwili isiyolingana: pua inayochuruzika kwa siku tatu kisha ikakauka yenyewe, na homa ya mafua, yaani influenza, ugonjwa wa virusi maalumu vinavyoshambulia njia ya hewa, vikaleta homa ya ghafla, maumivu ya viungo na kikohozi, na mara nyingine kichomi. Kuchanganyika huko kwa majina kuna uzito kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mjamzito wa Songea, mkoani Ruvuma kusini mwa Tanzania, anayeambiwa kwamba ipo chanjo ya mafua husikia kwanza habari ya ugonjwa unaotibiwa kwa tangawizi, limau na kujifukiza, na ni vigumu kumlaumu akiuliza kwa nini achomwe sindano kwa jambo ambalo bibi yake alilimaliza jikoni.

Mwili wa mjamzito, hata hivyo, haukutani na virusi hivyo kama mwili mwingine. Kinga yake hubadilika ili isiishambulie mimba, moyo hufanya kazi zaidi, na tumbo linavyokua hulisukuma juu kiwambo cha chini ya mapafu, hivyo nafasi ya kuvuta hewa hupungua wakati mahitaji yake yanaongezeka. Ruvuma yenyewe haikosi kumbukumbu ya jambo hili, ingawa haitajwi sana: mwishoni mwa Septemba 1918 jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck lilivuka Mto Ruvuma likitoka Msumbiji na kupita nchi ya Wangoni, huku askari na wapagazi wakiugua mapafu, majira yaleyale ambayo mafua ya dunia nzima yalikuwa yakisambaa Afrika Mashariki kwa meli, reli na misafara ya vita. Mlipuko huo unakadiriwa kuua watu wapatao milioni 50 duniani, na madaktari wa wakati ule walioandika habari zake waliona wajawazito wakifa kwa wingi usio wa kawaida.

Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba nchi zinazotoa chanjo ya mafua ziwape wajawazito kipaumbele cha kwanza. Tanzania haijaiingiza chanjo hiyo katika ratiba yake ya taifa, na hali ni hiyohiyo katika nchi nyingi za kipato cha chini. Kwa sababu hiyo, kuzungumzia mtazamo wa wanawake wa Songea kana kwamba wamekubali au wamekataa ni kuwasingizia. Kadi ya kliniki ya mjamzito ina nafasi ya sindano ya pepopunda, dawa ya SP ya kuzuia malaria na vidonge vya kuongeza damu. Mstari wa mafua haumo, na nesi hawezi kushauri kitu ambacho hakimo kwenye jokofu lake. Tafiti za nchi mbalimbali zinapowauliza wajawazito, jibu linalojirudia ni kwamba hawajawahi kuisikia chanjo hiyo, na wanaoisikia huuliza kwanza kama itamdhuru mtoto. Linalowaelekeza upande mmoja au mwingine, kuliko vipeperushi, ni kauli ya mhudumu wa kliniki.

Kipimo cha mtazamo wao kilicho karibu zaidi na ukweli ni sindano ya pepopunda, ambayo wajawazito wa Tanzania wameichomwa kwa miongo kadhaa, hata mwaka 2012 nchi ikathibitishwa kuwa imeutokomeza ugonjwa huo kwa akina mama na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Sindano hiyo ilipokewa bila mabishano makubwa kwa sababu adui yake alijulikana: mtoto mchanga aliyekakamaa na kushindwa kunyonya hakuhitaji kuelezewa. Lakini hata imani hiyo inaweza kutikiswa. Mwaka 2014, nchini Kenya, maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai kuwa chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake ilikuwa na homoni ya kuzuia uzazi, madai yaliyokanushwa na serikali ya nchi hiyo, Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Katika mkoa ambao hospitali ya Peramiho ilikuzwa na wamisionari Wabenediktini, na ambako neno la padri au sista husikilizwa kama la daktari, atakayeleta chanjo mpya kwa wajawazito bila kwanza kukaa na viongozi wa dini atakuwa amejitakia shida.

Faida kubwa ya chanjo ya mafua, na pengine ndiyo ingepaswa kutajwa kwanza, inamhusu mtoto. Chanjo wanayopewa wajawazito haina virusi hai; huufundisha mwili kutengeneza kingamwili, yaani protini za ulinzi, nazo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye mwenyewe hawezi kuchanjwa mafua kabla ya miezi 6. Katika jaribio la Afrika Kusini la 2011 na 2012, chanjo ilipunguza mafua yaliyothibitishwa maabara kwa karibu nusu, kwa akina mama na kwa watoto wao pia. Nchini Mali watoto walikingwa kwa takriban asilimia 68 katika miezi 4 ya mwanzo, kisha kinga ikashuka. Nusu si kidogo, ila mhudumu atakayeahidi kinga kamili atakuja kuulizwa na mama ambaye mtoto wake ameugua.

Kuna pia ugumu ambao pepopunda haikuwa nao. Virusi vya mafua hujibadili kila mara, hivyo muundo wa chanjo hupitiwa upya, Februari kwa ajili ya kaskazini mwa dunia na Septemba kwa ajili ya kusini, na sindano ya mwaka jana haitoshi mwaka huu. Mwanamke wa Songea atakayebeba mimba tatu katika miaka saba angechomwa mara tatu, na katika ile ya pili, akiwa kwenye benchi la kliniki na khanga mabegani kwa baridi ya Julai, angekuwa na haki ya kuuliza kama ile ya kwanza ilikuwa mbovu.