Mama asiyeona tena mwezi: kuchagua dawa ya ukavu na muwasho

Kwa kawaida mwanamke anaacha kuona mwezi kati ya miaka 45 na 55. Akimaliza miezi 12 bila damu, mwezi umekoma kabisa. Wamama wengi wa koperative wako katika umri huo, na kazi kubwa ya shamba iko mikononi mwao. Sasa uke unakauka, unawasha, mkojo unachoma, kukutana na bwana kunaumiza. Wengi wananyamaza. Bwana anafikiri amekataliwa, mama anafikiri amelogwa ao ana infeksio isiyopona. Kumbe jambo hili linajulikana na dawa iko.

Linatoka wapi?

Homoni inayoitwa estrojeni ndiyo inayofanya ngozi ya ndani ya uke iwe nene, laini na yenye majimaji. Mwezi ukikoma, estrojeni inapungua sana. Ngozi inakuwa nyembamba na inachubuka upesi, na njia ya mkojo inapata vijidudu kwa urahisi. Joto la ghafula la usiku linaweza kupungua kadiri miaka inapita. Lakini ukavu, mara nyingi, unaongezeka. Kuvumilia hakutauponya.

Kwanza: muache vinavyochoma

Sabuni, chumvi, ndimu, majani ya kubana: musiingize kitu hata kimoja ukeni. Muoshe nje tu, kwa maji safi. Muvae chupi ya pamba isiyobana, na muibadilishe mukitoka shambani na jasho. Aliyevuna pilipili ao kupuliza dawa ya wadudu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kwenda choo, si baada tu. Kwa wamama wengine, hatua hii peke yake inapunguza muwasho.

Pili: kulainisha

Kwenye famasi kuna vilainishi vya aina mbili. Kimoja kinatumiwa wakati wa tendo la ndoa. Kingine kinatiwa kila siku 2 ao 3, ili kuleta unyevu hata kama hamukutani. Muchague kisicho na harufu wala kuleta joto. Mujaribu kidogo nje kwanza. Kikichoma, muoshe na mubadilishe.

Mukitumia kapoti, musipake mafuta wala vazelini, kwani yanaharibu mpira wake. Musiseme kapoti ni ya vijana: ngozi iliyochubuka inapitisha virusi vya UKIMWI kwa urahisi zaidi.

Tatu: estrojeni ya ukeni

Kama bado mama anaumia, aulize muganga juu ya estrojeni ya kutiwa ukeni. Kipimo chake ni kidogo, na sehemu ndogo sana inaingia katika damu. Iko ya namna mbalimbali:

– Krimu: inasaidia pia muwasho wa nje. Lakini inachafua nguo kidogo, na ngozi yenye michubuko inaweza kuchoma siku za mwanzo.
– Kidonge kidogo cha kuingiza ukeni: hakichafui sana, kinafaa kwa mama aliye mbali na maji.
– Pete laini: inakaa ndani miezi 3, lakini si rahisi kuipata.

Krimu na kidonge, mara nyingi, vinatumiwa kila usiku kwa wiki 2, kisha mara 2 kwa wiki. Musikate tamaa mapema: nafuu inakuja polepole, na inaweza kuchukua hata miezi 3. Mukiacha dawa, ukavu unaweza kurudi. Kwa hiyo, mbele ya kununua, muulize bei na dawa itamaliza wiki ngapi. Aliyewahi kuugua kansa ya matiti amwambie daktari kwanza. Dawa hii iandikwe na muganga, musiinunue sokoni. Kama kituo cha afya hakina, kiwaandikie barua ya kwenda hospitali kubwa.

Musingoje ikiwa

– damu inatoka tena baada ya miezi 12 bila mwezi, hata tone moja. Inaweza kuwa dalili ya kansa, na kansa ikionekana mapema inatibika vizuri zaidi;
– kuna uchafu wenye harufu, kidonda, ao homa pamoja na maumivu ya mkojo;
– mumerudia dawa za infeksio mara nyingi bila kupimwa na muwasho bado uko.

Kwa wabwana

Mama akisema anaumia, mumuamini. Hajakataa ndoa. Mungoje, mutumie kilainishi, na mumusindikize kwa muganga. Pesa ya dawa ihesabiwe pamoja na mahitaji ya nyumba, kama ile ya mbegu na ya masomo.

Kamati za wamama zinaweza kumualika muganga wa kituo katika mkutano mumoja, wamama peke yao, ili kila mutu aulize bila haya.