Muda wa Safari ya Ndege

Umbali wa angani kutoka Nairobi hadi London ni kilomita 6,800 hivi. Tuseme ndege ya jeti inakwenda kwa wastani wa kilomita 800 kwa saa. Ili kupata muda wa safari, gawanya umbali kwa mwendo:

6,800 ÷ 800 = saa 8½

Je, muda huo ni uleule siku zote? La. Upepo wa mbele huichelewesha ndege. Upepo wa nyuma huiharakisha. Kwa sababu hiyo rubani hupata kwanza habari za upepo, kisha ndege hutiwa mafuta ya safari pamoja na ya akiba. Angani hakuna kituo cha mafuta.

Zoezi: Upepo wa mbele umepunguza mwendo hadi kilomita 680 kwa saa. Je, mafuta ya saa 9 yatatosha?