Kifo cha Uzazi na Uzito wa Neno

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Hata hivyo, katika matanga niliyohudhuria hapa Kitengela nilitambua kwamba kifo chenyewe huweza kufichwa, tena kwa neno moja.

Marehemu alikuwa ameacha kichanga cha wiki moja. Waombolezaji walisema ameuawa na homa, na kwa kuwa alifia nyumbani, ndivyo naibu wa chifu alivyoarifiwa. Nilipomdadisi shangazi yake, alinieleza kwamba joto lilimpanda siku ya tatu baada ya kujifungua, tumbo likamwuma na uchafu wenye uvundo ukamtoka. Dalili hizo zaelekea uambukizo wa kizazi, si malaria.

Katika mazungumzo yetu, "homa" hubeba malaria, mafua na kila joto la mwili. Vivyo hivyo, "kifafa cha mimba" kikikatwa mkia kikaandikwa "kifafa", ujauzito wa marehemu hufutika katika kumbukumbu.

Kwa ajili ya mahali pasipo daktari, Shirika la Afya Duniani limeandaa hojaji ambayo huwauliza jamaa waliyoyaona, si jina la ugonjwa pekee. Je, alikuwa mjamzito, au alijifungua katika siku 42 zilizotangulia kifo? Alivuja damu? Alipatwa na mitukutiko? Kisha madaktari au kompyuta hukadiria chanzo. Lakini huko ndani ya Kajiado, nyanya aweza kusimulia kwa Kimaasai, mkalimani afasiri kwa Kiswahili, naye karani aandike kwa Kiingereza. Kila kivuko kina hatari yake.

Uchunguzi wa kitaifa uliotolewa mwaka 2018 ulichambua vifo 484 vya mwaka 2014. Kuvuja damu kuliongoza, na zaidi ya akina mama tisa katika kila kumi hawakupata huduma ifaayo. Hao walifia hospitalini, wakaacha faili. Afiaye manyattani huacha maneno tu.

Walimu na wanafunzi wenzangu, hapo ndipo taaluma yetu inapohitajika. Tukusanye maneno ambayo jamii zetu hutumia kueleza uchungu, damu na mitukutiko, tuwape wahojaji. Tukiandika malaria, tutagawa vyandarua, ilhali kilichohitajika ni mikono safi ya mkunga na dawa ya kuua viini. Kosa la neno litamfuata mzazi mwingine.