Hofu ya Korona na Watoto Waliocheleweshwa Hospitalini
Mwezi Machi 2020, wimbi la kwanza la UVIKO-19 lilipoikumba Italia, idadi ya watoto waliofikishwa katika idara za dharura za hospitali tano ilipungua kwa asilimia 73 hadi 88 ikilinganishwa na miaka miwili iliyotangulia. Sehemu ya upungufu huo ilikuwa heri: shule zilipofungwa, maambukizi ya kawaida na ajali vilipungua. Lakini kisukari na saratani havisubiri janga lipite. Madaktari walieleza habari za watoto 12 waliochelewa kupata huduma, wazazi wao wakihofu maambukizi hospitalini. Nusu yao walilazwa katika wodi ya wagonjwa mahututi, wanne walifariki.

Kisukari cha utotoni huanza kwa kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda. Tiba ikichelewa, asidi huongezeka katika damu. Mtoto hutapika, hupumua kwa kasi na hatimaye hupoteza fahamu.

Hivyo, uchache wa wagonjwa si lazima uwe ishara ya afya njema. Wakati wa mlipuko, wazazi waelezwe mambo mawili kwa pamoja: namna ya kujikinga, na dalili zisizopaswa kusubiri.