Kondoo wa kunenepesha: Faida huliwa wiki za mwisho

Mfanyabiashara anayenunua kondoo waliokonda mnadani ili awauze karibu na Idd el Hajj hutazama bei mbili: ya kununulia na ya kuuzia. Ipo ya tatu, yaani gharama ya kila kilo inayoongezwa kwa pumba na mashudu. Hii hupanda kadiri mnyama anavyokua, na mitaji mingi midogo hukwama hapo.

Watafiti wameipigia hesabu siku nyingi. Mwaka 1986 John Oltjen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa modeli ya kompyuta inayokadiria ni kiasi gani cha chakula cha ng'ombe hugeuka protini na kiasi gani hugeuka mafuta. Baadaye wataalamu wa New Zealand na Australia walifanya hesabu ya aina hiyo kwa kondoo, wakatenganisha protini ya misuli na ya viungo vya ndani.

Kilo moja ya mafuta ina megajuli 39 hivi. Ya protini, 24. Lakini robo tatu ya nyama konda ni maji, hivyo kilo yake hubeba megajuli 5 tu. Ni kweli kwamba kujenga protini hupoteza nishati nyingi njiani. Hata hivyo, kilo ya mafuta bado hudai chakula mara kadhaa ya kilo ya nyama. Kondoo anapokaribia ukubwa wake wa mwisho, sehemu ya mafuta katika kila kilo mpya huongezeka, na jike hufika huko akiwa na uzito mdogo kuliko dume.

Kuna pia gharama ya kuishi tu: takriban megajuli 5 kwa siku kwa kondoo wa kilo 30, aongezeke asiongezeke.

Jambo linalompa mnunuzi nafasi ni ini na utumbo. Viungo hivi ni sehemu ndogo ya uzito, lakini huunguza sehemu kubwa ya nishati. Mnyama akishinda njaa wakati wa kiangazi, hupungua haraka, na gharama ya kuishi hushuka. Akilishwa vizuri, wiki za kwanza huongezeka uzito kwa chakula kidogo. Tahadhari: sehemu ya uzito huo ni viungo hivyo kurudi na tumbo kujaa, wala haiendi buchani.

Kwa hiyo mizani ya wiki ya pili isikudanganye, na ya mwisho isikuchelewesha. Asiye na mizani abonyeze kiuno kwa vidole: ncha za mifupa zikihitaji kutafutwa kwa nguvu, pumba inayofuata inanunua mafuta. Kama mnunuzi wako hulipa kwa kichwa, kwa kumtazama mnyama kwa macho, uliza kwanza kama unene huo utaongeza bei.